Kusanidi OSPF kwenye ruta tatu za Mombasa: kuanzia mpango wa anwani hadi siku ya kuchomoa kebo

Mtu wa Likoni anayefanya kazi kisiwani huamka na swali moja: leo kivukoni kukoje? Akisikia kwamba foleni imekuwa ndefu, na ana gari, huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, akatokea Miritini na kuingia mjini kwa kupitia Changamwe. Hakuna aliyemwandikia safari hiyo. Habari za njia humfikia, naye huamua. Ruta inayotumia itifaki ya uelekezaji hufanya vivyo hivyo, ilhali ruta iliyoandikiwa njia zake kwa mkono itaendelea kupeleka pakiti kivukoni hata kama kivuko kimefungwa tangu asubuhi, hadi fundi aje ayabadilishe maandishi.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kusanidi itifaki ya uelekezaji iitwayo OSPF (Open Shortest Path First) kwenye ruta tatu zilizounganishwa kwa umbo la pembetatu, pamoja na swichi zilizo chini yake. Mfano wetu ni kampuni ya kubuni ya uwakala wa forodha yenye makao makuu Moi Avenue, tawi Likoni na ghala Changamwe. Amri zote ni za vifaa vya Cisco, kwa kuwa ndivyo vinavyofundishiwa katika vyuo vyetu vingi, na nyingi kati yake zinaweza kujaribiwa ndani ya programu ya Packet Tracer kabla ya kugusa kifaa halisi. Ninachukulia kwamba msomaji anajua anwani ya IP na maski ya subneti ni nini, na kwamba amewahi kuingia kwenye ruta kwa kebo ya konsoli, kwa kasi ya 9600.

Mpango wa anwani

Kazi huanza kwenye karatasi. Nimeona mafundi wakifungua ruta na kuanza kuandika anwani zinazowajia kichwani, na baada ya miezi sita hakuna hata mmoja wao anayeweza kueleza kwa nini Likoni ina 192.168.1.0 na Changamwe pia ina 192.168.1.0. Ruta haiwezi kuelekeza kwenye sehemu mbili zenye anwani moja, kama vile tarishi asivyoweza kufikisha barua pale nyumba mbili zinapokuwa na nambari moja katika mtaa mmoja.

Tutatumia anwani za faragha za kundi la 10.0.0.0, ambazo RFC 1918 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ya mwaka 1996 ilizitenga kwa matumizi ya ndani. Nambari ya pili itaonyesha ofisi, na nambari ya tatu itaonyesha VLAN, yaani mtandao uliotengwa kwa kundi moja ndani ya swichi ileile, ili kila anayeiona anwani ajue papo hapo imetoka wapi. Moi Avenue inapata 10.1.10.0/24 kwa idara ya uhasibu na 10.1.20.0/24 kwa dawati la wateja. Likoni inapata 10.2.10.0/24, Changamwe inapata 10.3.10.0/24. Viungo kati ya ruta vinahitaji anwani mbili tu kila kimoja, kwa hiyo tunavipa /30: Moi Avenue hadi Likoni ni 10.255.0.0/30, Moi Avenue hadi Changamwe ni 10.255.0.4/30, na Likoni hadi Changamwe ni 10.255.0.8/30. Mwisho, kila ruta inapata anwani ya lupubaki, yaani intafesi ya kufikirika ambayo haizimiki kwa kuwa haina kebo: 10.255.255.1 kwa Moi Avenue, 10.255.255.2 kwa Likoni na 10.255.255.3 kwa Changamwe.

Ichore picha hiyo, iandike tarehe, na uibandike ndani ya mlango wa kabati la vifaa.

Swichi kabla ya ruta

Kwenye swichi ya Moi Avenue tunatenganisha idara mbili kwa VLAN, kisha tunaipa poti moja kazi ya tranki, yaani poti inayobeba VLAN zote mbili hadi kwenye ruta huku kila fremu ikiwa na lebo ya 802.1Q inayoeleza ni ya VLAN ipi.

```
vlan 10
 name UHASIBU
vlan 20
 name WATEJA
interface range FastEthernet0/1 - 12
 switchport mode access
 switchport access vlan 10
interface range FastEthernet0/13 - 24
 switchport mode access
 switchport access vlan 20
interface GigabitEthernet0/1
 switchport mode trunk
 switchport trunk allowed vlan 10,20
```

Baadhi ya swichi za zamani hukataa amri ya tranki mpaka kwanza uandike `switchport trunk encapsulation dot1q`. Ikikukatalia, jaribu hiyo kabla ya kuilaumu kebo. Halafu hakikisha kwa `show vlan brief` na `show interfaces trunk`. Orodha ya tranki itabaki tupu mpaka poti ya ruta iwashwe; ukishaiwasha, rudi uhakikishe kwamba VLAN 10 na 20 zimeonekana humo.

Ukiwa na swichi ya tabaka la tatu, kazi ya kuelekeza kati ya VLAN inaweza kufanywa na swichi yenyewe kwa amri ya `ip routing` na kwa kuipa kila VLAN intafesi yake, jambo ambalo ni la kasi zaidi kuliko kuzipitisha pakiti zote kwenye kebo moja ya ruta. Kwa ofisi ya watu ishirini, tranki inatosha.

Intafesi za ruta

Hii ndiyo ruta ya Moi Avenue. Poti ya G0/0 inakwenda kwenye swichi, G0/1 inakwenda Likoni, na G0/2 inakwenda Changamwe.

```
hostname R1-MOI
interface Loopback0
 ip address 10.255.255.1 255.255.255.255
interface GigabitEthernet0/0
 no shutdown
interface GigabitEthernet0/0.10
 encapsulation dot1Q 10
 ip address 10.1.10.1 255.255.255.0
interface GigabitEthernet0/0.20
 encapsulation dot1Q 20
 ip address 10.1.20.1 255.255.255.0
interface GigabitEthernet0/1
 description KWENDA LIKONI
 ip address 10.255.0.1 255.255.255.252
 no shutdown
interface GigabitEthernet0/2
 description KWENDA CHANGAMWE
 ip address 10.255.0.5 255.255.255.252
 no shutdown
```

Likoni na Changamwe zinaandikwa kwa mtindo huohuo, kila moja kwa anwani zake. Usiipuuze amri ya `description`. Haina athari yoyote kwa pakiti, lakini saa tisa za usiku, fundi mwingine akiwa kwenye simu na wewe, ndiyo itakayomwambia kebo ipi isiguswe.

Sasa simama, upige `show ip interface brief`. Kila intafesi unayoitumia lazima iseme up katika safu zote mbili. Ikisema administratively down, umesahau `no shutdown`. Ikisema down na down, shida ni kebo, poti au upande wa pili. Kisha, kutoka Moi Avenue, piga ping (amri ya kuuliza kama anwani inajibu) 10.255.0.2, ncha ya Likoni, na 10.255.0.6, ncha ya Changamwe. Sehemu kubwa ya malalamiko ya kwamba OSPF haifanyi kazi ambayo nimeitwa kuyashughulikia yalikuwa malalamiko ya kebo, na hapa pwani kebo ina adui wake wa kudumu. Hewa ya chumvi hula viunganishi taratibu, hasa kwenye maghala yasiyo na kiyoyozi, mpaka intafesi inabaki up lakini hesabu ya makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika, kwenye `show interfaces` inapanda kila ukiangalia. Ukiona hivyo, badilisha kebo kabla ya kuendelea.

Njia za mkono, na sababu ya kuziandika kisha kuzifuta

Kwa sasa ruta ya Moi Avenue inaijua mitandao iliyochomekwa kwake tu. Iambie kwa mkono Likoni iko wapi:

```
ip route 10.2.10.0 255.255.255.0 10.255.0.2
```

Halafu chukua kompyuta ya uhasibu yenye anwani 10.1.10.50 na upige ping 10.2.10.1. Haitajibu. Pakiti imefika Likoni salama, lakini ruta ya Likoni haijui 10.1.10.0 iko upande gani, kwa hiyo jibu halina pa kwenda na linatupwa hukohuko. Andika njia ya kurudi kwenye ruta ya Likoni, `ip route 10.1.10.0 255.255.255.0 10.255.0.1`, na ping itajibu. Ninawataka wanafunzi wote wafanye zoezi hili kwa mikono yao, kwa sababu mtu asiyeelewa kwamba kila safari inahitaji njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, atapoteza siku nyingi akitafuta hitilafu kwenye upande ambao ni mzima.

Ukishaelewa, zifute kwa `no ip route` kwenye pande zote mbili, kwa sababu njia ya mkono itaificha kazi ya OSPF. Ruta ikipata habari za mtandao uleule kutoka vyanzo viwili, huangalia kiwango cha kuaminika cha kila chanzo, na nambari ndogo ndiyo hushinda: mtandao uliochomekwa moja kwa moja una 0, njia ya mkono ina 1, OSPF ina 110, na RIP, itifaki nyingine ya uelekezaji, ina 120. Njia yako ya zamani yenye 1 ikibaki, OSPF yenye 110 haitaingia kwenye jedwali hata ikiwa sahihi, na siku kiungo kitakapokufa upande wa pili bila intafesi yako kuzimika, utashangaa kwa nini pakiti hazikuzunguka.

Kuhusu RIP, nitasema machache. Huhesabu ruta tu bila kujali kasi ya kiungo, haiwezi kuvuka ruta 15, na hutangaza jedwali lake zima kila baada ya sekunde 30. Ni nzuri darasani. Sioni sababu ya kuiweka ofisini leo ilhali OSPF ipo kwenye ruta ileile na kuiandika kunachukua mistari minane.

OSPF yenyewe

OSPF toleo la pili, lililoelezwa katika RFC 2328 ya mwaka 1998, hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Kila ruta huwaeleza wenzake viungo vyake yenyewe na gharama ya kila kimoja. Habari hizo husambazwa bila kubadilishwa kwa ruta zote za eneo (area), yaani kundi la ruta zinazoshiriki ramani moja; sisi tuna eneo moja tu, 0. Na kila ruta, ikiwa na ramani ileile mkononi, huipigia hesabu njia fupi kwa kanuni aliyoichapisha Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959. Ndiyo maana ruta haimwamini jirani kwa neno la kwamba njia fulani ni nzuri. Huiona ramani yenyewe.

```
router ospf 1
 router-id 10.255.255.1
 auto-cost reference-bandwidth 10000
 passive-interface default
 no passive-interface GigabitEthernet0/1
 no passive-interface GigabitEthernet0/2
 network 10.1.0.0 0.0.255.255 area 0
 network 10.255.0.0 0.0.255.255 area 0
```

Nambari 1 baada ya neno ospf ni ya ndani ya ruta tu, haihitaji kufanana na ya jirani. Kitambulisho cha ruta kinafanana na anwani lakini kazi yake ni jina, na lazima kiwe tofauti kwa kila ruta. Usipokiandika, ruta itachukua anwani kubwa kuliko zote za lupubaki, na ikikosa lupubaki itachukua anwani kubwa kuliko zote za intafesi zilizo hai. Kiandike mwenyewe. Ukikibadilisha baadaye, hakitatumika mpaka upige `clear ip ospf process`, amri ambayo huwaangusha majirani wote kwa muda, kwa hiyo isubiri jioni.

Mstari wa `network` ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Wengi hudhani unatangaza mtandao ulioandikwa. Sivyo. Unaiambia ruta iwashe OSPF kwenye kila intafesi ambayo anwani yake inaangukia ndani ya mfano huo. Kinachotangazwa ni subneti halisi ya intafesi hiyo, pamoja na maski yake halisi. Kwa hiyo `network 10.1.0.0 0.0.255.255` haitangazi 10.1.0.0/16, inazigusa G0/0.10 na G0/0.20, na hizo ndizo zinazotangaza 10.1.10.0/24 na 10.1.20.0/24. Nambari za mwisho ni maski ya kinyume, ambapo 0 ina maana ya lazima ifanane na 255 ina maana ya chochote sawa. Kwa /30 ingekuwa 0.0.0.3, kwa /24 ingekuwa 0.0.0.255. Kwa Likoni andika 10.2.0.0 na kwa Changamwe 10.3.0.0, huku mstari wa 10.255.0.0 ukibaki uleule kote.

Amri ya `passive-interface default` inazizuia intafesi zote zisitume salamu za OSPF, kisha tunazifungulia zile mbili tu zinazoelekea kwa ruta nyingine. Mitandao ya wafanyakazi bado inatangazwa, lakini hakuna mtu atakayechomeka ruta yake chini ya meza ya wateja akajifanya jirani.

Gharama ya kiungo hupatikana kwa kugawa kasi ya marejeo kwa kasi ya intafesi. Kasi ya marejeo ya asili ni megabiti 100 kwa sekunde, kipimo cha zama nyingine, na matokeo yake ni kwamba kiungo cha megabiti 100 na kile cha gigabiti moja vyote hupata gharama 1. Ndiyo sababu tumeandika 10000, na lazima iandikwe hivyo kwenye ruta zote tatu. Sasa gigabiti moja inagharimu 10. Lakini ruta hutazama kasi ya poti, haijui umelipia nini. Kiungo chetu cha Likoni hadi Changamwe ni cha redio, chembamba, ingawa kimechomekwa kwenye poti ya gigabiti. Tusipokisemea, ruta zitakiona sawa na vingine. Kwa hiyo, kwenye pande zake zote mbili tunaandika:

```
interface GigabitEthernet0/2
 description REDIO LIKONI-CHANGAMWE
 ip ospf network point-to-point
 ip ospf cost 100
```

Mstari wa `ip ospf network point-to-point` uweke pia kwenye viungo viwili vya Moi Avenue, pande zote mbili. Unaziambia ruta kwamba kwenye kebo hii wapo wawili tu, hivyo hakuna haja ya kumchagua kiongozi. Ukiuweka upande mmoja na kuusahau upande wa pili, majirani wataonekana wamekamilika lakini njia hazitaingia kwenye jedwali. Ni kosa la kimyakimya na linachosha kulitafuta.

Kuisikiliza ruta

Piga `show ip ospf neighbor` Moi Avenue. Unatakiwa kuona majirani wawili, 10.255.255.2 na 10.255.255.3, wote wakiwa FULL, yaani wamekamilisha kupeana ramani. Kisha `show ip route ospf`; miongoni mwa mistari utakayoiona ni hii miwili:

```
O   10.2.10.0/24 [110/20] via 10.255.0.2, 00:03:41, GigabitEthernet0/1
O   10.3.10.0/24 [110/20] via 10.255.0.6, 00:03:38, GigabitEthernet0/2
```

Usome mstari wa kwanza pole pole. Herufi O inasema habari imetoka OSPF. Ndani ya mabano, 110 ni kiwango cha kuaminika na 20 ni gharama ya safari nzima: 10 za kutoka Moi Avenue hadi Likoni, na 10 za poti ya mtandao wa Likoni. Baada ya hapo inakuja anwani ya jirani atakayepokea, umri wa habari, na poti ya kutokea. Sasa nenda Likoni utazame njia ya 10.3.10.0. Moja kwa moja kwa redio ingegharimu 110. Kupitia Moi Avenue inagharimu 30. Ruta itakuwa imechagua kuzunguka kwa Moi Avenue, na hivyo ndivyo tulivyotaka.

Fundi anayeweza kuzitabiri nambari hizo kwa kalamu kabla ya kupiga amri amekwisha kuielewa OSPF. Asiyeweza, arudi kwenye picha ya mlangoni.

Majirani wakigoma

Majirani wa OSPF hupatana kwa kutumiana salamu kupitia anwani ya 224.0.0.5, kila sekunde 10 kwenye viungo kama vyetu, na asiyesikika kwa sekunde 40 huhesabiwa kuwa amekufa. Ili wapatane ni lazima wawe kwenye subneti moja yenye maski moja, eneo moja, vipindi sawa vya salamu, neno la siri sawa kama lipo, na vitambulisho tofauti. Orodha ikiwa tupu kabisa, anza kwa kuangalia kama intafesi imebaki passive, kisha linganisha `show ip ospf interface` ya pande zote mbili mstari kwa mstari. Jirani akikwama INIT, wewe unamsikia lakini yeye hakusikii: tafuta ukuta wa moto au orodha ya vizuizi inayozuia itifaki namba 89.

Kuna hali moja inayostahili kutazamwa kwa karibu. Niliwahi kukuta ruta moja imekwama EXSTART na mwenzake EXCHANGE, hatua mbili za kabla ya FULL, ping inapita vizuri, salamu zinapita vizuri, na bado hawakamiliki. Nilibadilisha kebo, nikaizima na kuiwasha ruta, nikafuta mipangilio na kuiandika upya. Chanzo kilikuwa mstari mmoja wa `ip mtu 1400` ambao mimi mwenyewe niliuacha upande mmoja baada ya jaribio la wiki iliyotangulia. Katika hatua ile ruta hutajiana ukubwa wa pakiti zinazokubali, na mwenye kikomo kidogo hukataa maelezo ya mwenye kikomo kikubwa. Tiba ni kuzisawazisha pande mbili. Ipo amri ya `ip ospf mtu-ignore` inayoziambia ruta zisijali, lakini hiyo ni kufunika shimo kwa mkeka. Pakiti kubwa za watumiaji zitaanguka humohumo baadaye.

Kutoka nje ya kampuni

Intaneti inaingia kwa Moi Avenue pekee. Tuseme ruta ya mtoa huduma ina anwani 203.0.113.1, ambayo ni ya mifano tu:

```
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 203.0.113.1
router ospf 1
 default-information originate
```

Likoni na Changamwe zitaipokea njia hiyo ikiwa na alama ya O*E2, yaani njia ya OSPF iliyotoka nje. Zitaitumia kwa kila anwani isiyo na mstari wake, kwa kuwa ruta daima hupendelea mstari ulio mahususi zaidi, na 0.0.0.0/0 ndio ulio mpana kuliko yote. Ubadilishaji wa anwani za faragha kuwa za nje ni somo lake.

Huko nje, kati ya mtoa huduma mmoja na mwingine, OSPF haitumiki. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS, ambazo zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, hubeba pakiti za watoa huduma wanaozungumza kwa BGP, itifaki inayotanguliza mikataba na sera kuliko njia fupi. Kampuni yenye ruta tatu na mtoa huduma mmoja haiihitaji.

Kabla ya kufunga sehemu hii, weka neno la siri kwenye viungo vyote vitatu, pande zote mbili:

```
 ip ospf authentication message-digest
 ip ospf message-digest-key 1 md5 NENO-LAKO
```

Mabadiliko ukiwa mbali

Nilipokuwa mchanga katika kazi hii, nilikuwa mjini nikibadilisha anwani ya kiungo kwenye ruta ya Likoni kwa mbali. Nilikosea tarakimu moja, nikabonyeza kitufe, na skrini ikaganda. Ilikuwa Ijumaa karibu na saa kumi na moja jioni, na aliyewahi kusimama kivukoni saa hiyo hahitaji kuelezwa nilivuka lini. Nilifika na kompyuta kwapani, nikasahihisha tarakimu moja kwa muda usiozidi dakika mbili, kisha nikapanga foleni ya kurudi.

Tangu siku hiyo, kila ninapogusa ruta iliyo ng'ambo huanza hivi:

```
copy running-config startup-config
reload in 15
```

Amri ya pili inaiambia ruta ijizime na kuwaka upya baada ya dakika 15. Nikijifungia nje, nakunywa chai. Ruta itaamka na mipangilio ya zamani iliyohifadhiwa na mlango utafunguka. Mambo yakienda sawa, ninaandika `reload cancel`, ninakagua majirani, na hapo ndipo ninapohifadhi. Mpangilio wa hatua ni muhimu: ukihifadhi kosa kabla ya kukagua, ruta itawaka upya na kosa lilelile.

Siku ya kuchomoa kebo

Mtandao wa pembetatu ambao haujawahi kukatwa kwa makusudi haujulikani kama unafanya kazi. Chagua Jumamosi mchana baada ya wateja kuondoka, waarifu watu wa ghala, kisha kwenye kompyuta ya uhasibu anzisha ping isiyokoma kwenda 10.3.10.1. Chomoa kebo ya Changamwe kwenye poti ya G0/2 ya Moi Avenue. Pakiti chache zitapotea, kisha majibu yatarudi, na kwenye jedwali utaona njia imehamia Likoni:

```
O   10.3.10.0/24 [110/120] via 10.255.0.2, 00:00:07, GigabitEthernet0/1
```

Kumi hadi Likoni, mia kwa redio, kumi za poti ya ghala. Irudishe kebo na usubiri mpaka 20 irudi.

Halafu fanya jaribio la pili, ambalo wengi huliruka. Acha kebo yako mahali pake, na umwombe mwenzako aliye Changamwe asiiguse ile ya ruta yake, bali achomoe ile inayokileta kiungo kutoka nje hadi kwenye kifaa cha mtoa huduma wa kiungo hicho. Poti zenu zote mbili zitabaki up kwa sababu vifaa vya pande zote mbili bado vina umeme, na OSPF haitajua lolote mpaka zile sekunde 40 za ukimya zitimie. Hesabu pakiti zilizopotea, uwaonyeshe wenye kampuni, na uwaulize kama wanaweza kuvumilia muda huo. Wakisema hapana, `ip ospf hello-interval 3` na `ip ospf dead-interval 12` kwenye pande zote mbili za kiungo zitaupunguza. Upande mmoja ukitangulia, majirani watatengana mpaka wa pili ufuate, kwa hiyo usiifanye kwa mbali bila ile saa ya dakika 15.

Baada ya majaribio, hifadhi mipangilio kwenye ruta zote tatu na swichi zote, nakili faili zake kwenye kompyuta nyingine, kisha zima umeme wa kabati moja baada ya jingine na kuurudisha. Umeme wa hapa utakufanyia jaribio hilo siku yoyote bila kuomba ruhusa, na ni heri uligundue wewe kwamba Changamwe haikuhifadhiwa.